Ua zuri, majani machungu

 

Mwezi huu nimeombwa niandike juu ya maua ya nyumbani, kwa sababu watu wengi wanaopita njia ya bomba wanasimama mlangoni kwetu na kuuliza: "Mwalimu, haya maua umeyatoa wapi, na mbona hayafi kiangazi?" Nimekubali. Lakini siwezi kuandika habari ya kupanda peke yake nikaficha yale yaliyotupata nyumbani kwa ajili ya maua hayo hayo. Kwa hiyo naomba msome mpaka mwisho, msiishie kwenye mbegu.

UA LENYEWE

Wengi wenu mnalijua hata kama hamjui jina lake. Ni mmea mfupi, unafika magotini au kupita kidogo. Majani yake ni ya kijani kibichi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na katikati ya kila jani kuna mstari mweupe. Ua lina petali tano. Lipo la rangi ya waridi lenye jicho jekundu katikati, na lipo jeupe. Ukikata shina linatoka utomvu kama maziwa. Waliosoma Kifaransa huliita pervenche ya Madagaska, maana asili yake ni kule, na wauza maua wengine huliita vinka. Kwenye vitabu vya sayansi jina lake ni Catharanthus roseus. Sisi nyumbani tunaita "maua ya mlangoni" tu.

Mimi nimezaliwa hapa Nyarugusu. Wazazi wangu walivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi mwaka 1996, mwaka ule ule kambi hii ilipofunguliwa, wakitoka upande wa Fizi. Toka nikiwa mdogo, kila tulichopanda kilikuwa cha kula: mahindi, maharage, lengalenga, matembele. Kipande cha ardhi ni kidogo, huwezi kukipoteza. Sijawahi kupanda kitu cha kutazama tu. Hata sijui kama niliwahi kulifikiria jambo hilo.

Sasa mwaka 2021, nikiwa nimeanza kufundisha kwa kujitolea, niliona mche mmoja umeota kwenye ufa wa saruji karibu na bomba la shule. Hakuna aliyeupanda. Hakuna aliyeumwagilia. Watoto zaidi ya mia walikuwa wanaukanyaga kila siku, na bado ulikuwa na maua matatu. Nilisimama nikauangalia. Nikajisemea, huyu naye ni mkimbizi kama sisi, lakini ona alivyovaa. Jioni nikaurudia na kijiko, nikauchimbua taratibu na mizizi yake, nikauweka kwenye kopo la mafuta ya msaada, nikaenda nao nyumbani.

Mama alikuwa anachambua maharage. Akainua macho, akanyamaza kwanza. Kisha akasema:

"Mwanangu, hii ni maua ya makaburi. Kwetu tulikuwa tunaipanda juu ya watu waliolala. Wewe unaileta kwa mulango wa watu wanaoamka?"

Na jirani yetu, mama mmoja tunayependana naye sana, akaongezea kwa kicheko: "Mwacheni mwalimu, bana. Siku msaada ukipunguzwa tena atatupikia maua."

Tukacheka wote. Nikapanda.

NAMNA YA KUPANDA NA KUTUNZA

Sasa nawapa yale niliyojifunza kwa kukosea. Ua hili halihitaji fedha. Linahitaji uelewe tabia yake.

1. Mbegu. Ua likianguka linaacha vitumba viwili vyembamba, vimesimama kama pembe za mbuzi mdogo. Usivichume vikiwa kijani, subiri vianze kuwa njano. Ukichelewa vinapasuka na mbegu zinamwagika. Mbegu ni ndogo na nyeusi. Zianike kivulini siku chache, kisha zifunge kwenye karatasi.

2. Kitalu. Chukua kopo la mafuta, litoboe matundu chini kwa msumari. Changanya udongo wetu mwekundu na mchanga. Nyunyiza mbegu, zifunike na udongo mwembamba tu, halafu weka gunia juu. Mara ya kwanza sikufunika na gunia, zikaota nne tu. Kumbe mbegu hizi zinapenda giza ili ziote. Zitachukua wiki moja hadi tatu. Zikishachomoza tu, toa gunia haraka, zipate mwanga.

3. Kuhamisha. Mche ukiwa na majani sita hivi, uhamishe jioni jua likipoa. Acha nafasi ya kama mguu mmoja wa mtu mzima kati ya mche na mche. Mahali pawe pa jua, na maji yasituame. Wakati mzuri kwetu ni mvua za kwanza zikishatulia. Zile mvua kubwa zenye mafuriko si nzuri.

4. Maji. Hapa ndo watu wengi wanaua. Wanafikiri kupenda ni kumwagilia. Ua hili linavumilia ukame, lakini likikaa kwenye matope mizizi inaoza. Mche mchanga umwagilie kidogo kidogo. Mche mkubwa, ingiza kidole kwenye udongo, ukikuta unyevu uache. Sisi tunatumia maji ya kusuuzia vyombo, yale ya mwisho yasiyo na sabuni nyingi wala chumvi. Sijawahi kupanga foleni ya bomba kwa ajili ya maua, na siwashauri. Ukiona mche umenyauka na udongo wake umelowa, huo umeoza. Ung'oe usiambukize wenzake.

5. Kupunguza ncha. Mche ukifika kimo cha kiganja, kata ncha ya juu kwa kucha. Utaona vibaya, lakini utatoa matawi pembeni na maua mengi. Usipokata unakuwa mrefu kama fimbo na ua moja juu. Baada ya kukata, nawa mikono.

6. Mbolea. Kidogo sana, au usiweke kabisa. Nilipoweka samadi nyingi nilipata majani mengi na maua machache.

Ukifuata hayo, karibu mwezi wa tatu tangu kupanda utaona ua la kwanza, na baada ya hapo halichoki. Mvua, jua, vumbi la Agosti, lenyewe linachanua. Na mbuzi hawaligusi. Wakipita wananusa, wanaondoka. Niliposimulia jambo hilo la mbuzi kwa watu nilikuwa najisifu, kama vile ni akili yangu. Sikujiuliza kwa nini mbuzi, ambaye anakula hata karatasi ya daftari, anakataa majani mazuri namna ile. Mbuzi alikuwa na elimu niliyoikosa.

SOMO LILILOKATIKA KATIKATI

Mwaka wa pili bustani ilikuwa imejaa, kutoka mlangoni hadi kwenye jiko la nje. Nilikuwa nafundisha sayansi darasa la tano, somo la faida za mimea. Vitabu ni vichache, kwa hiyo mwalimu anatafuta kitu cha kuonyesha. Nikakata tawi moja nyumbani nikaenda nalo. Nikalinyanyua mbele ya darasa.

Nikasema: "Mnaona ua hili? Watu wanalidharau. Lakini kwenye majani yake imetoka dawa ya kansa ya damu ya watoto. Na katika nchi nyingi wazee wanachemsha majani haya kwa ugonjwa wa sukari."

Darasa likanyamaza, wale watoto wote wakiangalia tawi. Wenzangu walimu mnajua utamu wa dakika ile. Nilitaka kuendelea. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi yangu sehemu ya pili: sumu, na kwa nini mtu asijaribu mwenyewe. Kengele ikalia. Nikasema, "Haya, mengine wiki ijayo." Wiki ijayo ilikuwa mitihani. Baada ya mitihani tukaanza somo la maji safi. Ile sehemu ya pili ilibaki kwenye karatasi.

Mtoto wa yule mama jirani yupo kwenye darasa lile. Ni mtoto hodari, anasikiliza. Alienda nyumbani akamwambia mama yake sawasawa kama nilivyosema, hakuongeza wala hakupunguza. Na mama yake, kwa moyo mzuri kabisa, akamwambia mama yangu. Maana mama yangu ana ugonjwa wa sukari, sasa ni miaka mingi. Anachukua vidonge vyake hospitali ya kambi kila mwezi, anatembea mbali na magoti yake yanauma, anapanga mstari toka asubuhi.

Kwa nini hakuniuliza? Baadaye nilimwuliza hivyo. Alinijibu: "Nikuulize nini? Si wewe mwenyewe umefundisha?"

Basi akaanza. Alfajiri kabla sijaamka anachuma majani kiganja kimoja, anachemsha kwenye kisufuria kidogo, anakunywa. Ni machungu sana, alisema, na kwa sababu ni machungu aliona ni dawa kweli. Vidonge akaacha kidogo kidogo. Alitaka kuviweka akiba, akipona asirudi tena kupanga mstari.

Mimi nikaona miche ya karibu na jiko imepungua majani ya chini. Nikasema ni mbuzi. Nikaweka miiba. Majani yakaendelea kupungua. Ndugu zangu, mimi ndiye niliyekuwa nawatangazia watu kwamba mbuzi hawali maua haya, na bado nikawasingizia mbuzi. Mtu anaweza kuwa na jibu mdomoni mwake mwenyewe na asilisikie.

Wiki ya tatu mama akaanza kuomba maji usiku. Anakunywa, anatoka kukojoa, anarudi, anakunywa. Nikadhani ni joto. Siku ya Jumapili akatapika asubuhi, akatapika mchana, jioni miguu ikakataa kumbeba. Tukambeba kwa baiskeli, mdogo wangu akishika usukani na mimi nikimshika mama kiunoni asianguke. Pale hospitali wakamtoboa kidole, kipimo kikasoma 24 na nukta. Mnaoishi na ugonjwa huu mnajua 24 ni nini. Wakamlaza, wakamtundikia maji, wakaanza sindano za insulini.

Muuguzi akaniuliza kwa upole: "Vidonge anakunywa?" Nikasema ndiyo, kwa uhakika wote wa mwalimu. Akaniambia nilete kopo lake. Nilikimbia nyumbani usiku ule na tochi ya simu. Nilikuta kopo la vidonge liko karibu kujaa. Pembeni yake, chini ya sahani, kisufuria chenye majani yaliyochemshwa. Nikayajua majani yale kabla sijayashika.

Nilikaa chini pale jikoni. Sikulia. Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe darasani, ile sauti ya kujidai: "Mnaona ua hili?"

Niliporudi na vitu vile, muuguzi akatazama majani, akaniambia: "Sukari imepanda kwa sababu vidonge vimeachwa. Kutapika kunaweza kuwa ni sukari, kunaweza kuwa ni majani, kunaweza kuwa ni vyote viwili. Shukuru mmemleta leo."

Mama alilala hospitali siku sita.

SEHEMU YA PILI YA SOMO

Siku zile sita nilisoma. Mengine nilisoma kwenye simu, mengine nilimwuliza daktari akipita. Haya ndiyo ningepaswa kuwaambia wale watoto, na leo nawaambia ninyi.

Ni kweli kwamba watu wa Madagaska, wa visiwa vya Karibi na kwingineko wamechemsha majani haya kwa ajili ya sukari tangu zamani. Miaka ya 1950 majani kutoka Jamaika yalifika kwa mtafiti mmoja wa Kanada, Robert Noble, kwa sababu hiyo hiyo ya sukari. Yeye na wenzake wakawanywesha panya maji ya majani. Sukari ya panya haikushuka. Wakajaribu kuwachoma sindano ya maji yale. Panya wakafa. Walipochunguza wakaona panya wamekufa kwa maambukizo, kwa sababu chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili, zilikuwa zimepungua vibaya.

Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Kansa ya damu ni chembe nyeupe mbovu zinazoongezeka bila mpaka. Kitu kinachozipunguza, kikitenganishwa na kupimwa vizuri, kinaweza kusaidia. Mwaka 1958 Noble na Charles Beer walitangaza kwamba wameitenga dawa inayoitwa vinblastine. Baadaye ikapatikana ndugu yake, vincristine, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963. Zamani mtoto akipata kansa ya damu alikuwa karibu hakika afe. Leo, katika nchi zenye hospitali kamili, watoto wengi zaidi wanapona kuliko wanaokufa, na vincristine ni mojawapo ya dawa wanazopewa.

Na si habari ya mbali tu. Mwaka huo huo 1958, daktari Denis Burkitt akiwa Uganda aliandika juu ya uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika na kukua haraka sana. Uvimbe ule unaitwa kwa jina lake mpaka leo, na vincristine inatumika kuutibu. Kwa hiyo, wazazi, ukiona taya au tumbo la mtoto linavimba upesi, usikae nyumbani ukidhani ni jino. Mpeleke hospitali. Ni ugonjwa unaoweza kutibika ukiwahiwa.

Sasa sikilizeni tofauti. Kupata gramu moja ya dawa hiyo kunahitaji majani makavu ya mamia ya kilo, na zaidi. Inatenganishwa kiwandani, inapimwa kwa miligramu, inaingizwa kwenye mshipa na mtu aliyesomea, huku damu ya mgonjwa ikipimwa kila wakati. Ndani ya jani lenyewe kuna vitu vingine zaidi ya 70 vya namna hiyo, vimechanganyika, na hakuna anayejua kiganja chako cha leo kina kiasi gani. Mche wa kivulini si sawa na wa juani. Jani changa si sawa na lililokomaa. Ukichemsha unakunywa kitu usichokijua kipimo chake. Kwa mama mjamzito ni hatari kwa mtoto tumboni. Kwa mtoto mdogo aliyetafuna ni hatari. Kwa anayekunywa vidonge vya sukari ni hatari mbili: sukari inaweza kushuka ghafula akichanganya, na inaweza kupanda akiacha vidonge kama mama.

Nilisoma pia kwamba si ua hili peke yake. Ulaya kuna ua refu lenye vikombe vya zambarau vinavyoning'inia, linaitwa digitali. Watu wanalipanda bustanini kwa uzuri wake, na kila sehemu yake ni sumu. Daktari Mwingereza, William Withering, alisikia kwamba linasaidia mtu aliyevimba mwili kwa ugonjwa wa moyo. Alitumia miaka kama kumi akiwapa wagonjwa kidogo, akiangalia, akipunguza, akiandika hata waliodhurika, mpaka mwaka 1785 akatoa kitabu chake. Miaka kumi kabla ya kutoa somo. Mimi nilitumia dakika tano, na kengele.

MKUTANO WA WAZAZI

Habari ilienea. Pale bombani watu wakaanza kumsema yule mama jirani: eti amemlisha mwenzake sumu. Akaacha kuja bombani mchana, akawa anateka usiku. Alikuja nyumbani siku mama alipotoka hospitali, ameleta unga kwenye kitambaa, akasimama mlangoni hakuingia. Akasema, "Mama, mi nilitaka upone." Mama akamvuta mkono akamkalisha.

Mimi niliona kwamba hapo hapatoshi. Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni. Nikaomba kusema. Nitasema ukweli, magoti yalikuwa yanatetemeka, maana sisi walimu wa kujitolea hatuna mshahara wa maana. Tulicho nacho ni kwamba watu wanaamini tunachosema. Nikasimama nikasema: "Msimlaumu mama huyu. Wala msimlaumu mtoto wake, alisikiliza vizuri. Aliyeanza ni mimi. Nilifundisha nusu."

Kukawa kimya. Mzee mmoja wa nyuma akauliza: "Na hiyo nusu ingine iko wapi, mwalimu?" Watu wakacheka, nikacheka nami, na nikaitoa pale pale. Siku ya pili nikaitoa darasani. Nilimpa yule mtoto chaki, nikamwambia aandike ubaoni kwa herufi kubwa: DAWA IKO NDANI YA JANI, LAKINI JANI SI DAWA. Ameandika vizuri kuliko mimi.

MAUA YALIBAKI

Siku ile mama aliporudi nilikuwa nimeshika jembe. Nilitaka kung'oa yote. Nilikuwa na hasira na yale maua kana kwamba yalikuwa na mdomo. Nilishang'oa mawili. Mama alikuwa ameketi juu ya mkeka, bado mdhaifu, akaniita.

"Acha. Ua haikufundisha mutu."

Nikasema, "Mama, yamekuumiza."

Akanyamaza muda mrefu, akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Kwamba kaburi la mama yake, bibi yangu, liko kule Fizi pembeni ya mgomba, na yeye mwenyewe ndiye aliyepanda maua haya juu yake, miezi michache kabla ya kukimbia. Siku ile nilipoleta mche kwenye kopo, aliposema "maua ya makaburi", hakuwa anakasirika. Alikuwa ameliona kaburi.

"Sijui nani analipalilia," akasema. "Hakuna mutu alibaki pale. Lakini hii maua haitaki mutu. Ndo maana tunaipanda kwa wafu. Inajitunza yenyewe. Mimi nikiiona hapa, najua na kule ingalipo."

Nikaweka jembe chini.

Hatukung'oa, ila tulihamisha. Sasa hakuna hata mche mmoja karibu na jiko wala karibu na lengalenga, kwa sababu mtu anaweza kuchuma mboga jioni gizani akachanganya majani. Yote yako upande wa njia, yamezungushiwa mawe, na watoto wanaokuja kwetu wanajua sheria: macho ndiyo, mikono hapana, mdomo kamwe. Mwenye mtoto anayetambaa, nakushauri usubiri akue kwanza ndipo upande. Na ikitokea mtoto ametafuna, usimnyweshe maziwa wala mafuta wala chumvi kumtapisha. Mtoe mabaki mdomoni, msuuze mdomo, chukua tawi la mmea mkononi, kimbia hospitali uwaonyeshe.

Mama anakunywa vidonge vyake saa moja asubuhi na saa moja jioni, baada ya chakula. Mdogo wangu anahesabu kila Jumamosi. Kipimo cha mwisho kilisoma 8, na mama alikitangaza kwa majirani kama mtu aliyefaulu mtihani. Maji ya kusuuzia vyombo anamwagia maua yeye mwenyewe sasa, na akimaliza anakaa kidogo pale kwenye mawe. Simwulizi anawaza nini.

Anayetaka mbegu aje kwangu baada ya masomo, siku yoyote isipokuwa siku ya mgao. Mbegu ni bure. Lakini sitampa mtu mbegu kabla hajanisikiliza mpaka mwisho, hata kama kengele italia.

Nawatakia familia zote mwezi mwema. Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea, darasa la tano.